Kura Moja ya Mwenyekiti

Mahfoudh aliichagua saa ya kuja. Alijua kwamba baada ya sala ya alasiri mwenyekiti huwa barazani kwa muuza kahawa, na Bi Riyama huwa peke yake juu, ghorofani, anashona. Akaja na wenzake wawili. Wakapiga hodi kwa sauti ndogo, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa.

"Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba. Karibuni. Lakini mwenzenu hayupo, yuko kahawani."

Mahfoudh, ambaye ndiye katibu wa chama katika jimbo lile, alisema wanajua. Wamekuja kwake yeye.

Riyama akasogeza sare za skuli zilizojaa juu ya kochi, wageni wakakaa. Akawaletea maji ya ukwaju. Hakuna aliyeyagusa. Mahfoudh alianza mbali: akausifu mwendo wa mwenyekiti, akazitaja siku alizolala rumande, akamwombea umri mrefu. Kwa miaka mingi Riyama alikuwa amewasikiliza wanaume wa chama wakizungumza sebuleni mwake, na aliujua mtindo huu. Mtu wa chama akianza kukuombea umri, ujue ana haja na kiti chako.

Mwisho akafika. Mwenyekiti Mbarouk, mumewe, ameliongoza jimbo miaka kumi na tano. Kwa desturi ya chama chao mwenyekiti wa jimbo ndiye anayesimama kugombea kiti cha Baraza la Wawakilishi, na Mbarouk amesimama mara tatu, ameanguka mara tatu. Mwaka huu kuna mkutano wa kuchagua tena. Huko nje watu wanasema, barazani wanasema, vijana kwenye simu zao wanasema: wakienda na Mbarouk hawashindi. Na yupo Jaku, yule kijana wa Matemwe mwenye magari ya watalii, ambaye sasa anakaa mjini na vijana wa bandarini wanampenda. Jaku amekubali.

"Mzee hauziki tena, Bi Riyama," alisema Mahfoudh. "Nisamehe kwa neno hili."

"Mmemwambia mwenyewe?"

Wakatazamana. Mmoja wao akashughulika na kofia yake. Mahfoudh akasema wameona heshima zaidi likitoka kwake yeye mkewe. Amshauri ajitoe, apumzike, abaki kuwa mzee wa chama.

"Mnanitaka mie nimvue mume wangu kilemba," alisema Riyama, "kisha nyinyi mje mmpe pole."

Walipoinuka kuondoka, mwenzake Mahfoudh akasita ukumbini, pale vilipopangwa viti vya plastiki vya chama, vilivyokaa kwenye nyumba ile tangu uchaguzi wa kwanza. Akauliza kama wangeweza kuvichukua kabisa, maadamu wako hapa na mkokoteni upo chini. Riyama akawaambia wachukue.

Mbarouk aliporudi magharibi alikuta ukumbi mtupu. Sakafu mahali pa viti ilikuwa na alama nne nne za miguu ya kila kiti.

"Viti viko wapi?"

"Mahfoudh kavichukua. Vya mkutano, kasema."

Akapaangalia pale mahali kwa muda, akaenda kutawadha. Hakuuliza tena, na Riyama hakumwambia zaidi.

Hakumwambia, lakini kimoyomoyo alikuwa pamoja nao. Alikuwa amechoka. Kila uchaguzi nyumba yake iligeuka nyumba ya wageni: watu wasiojulikana wamelala kwenye mikeka, masufuria hayashuki mekoni, mlango unagongwa na watu wa kila aina. Mara ya pili mlango ulivunjwa kabisa, Mbarouk akachukuliwa na polisi akiwa na kanzu yake ya kulalia. Binti yao, Salhiya, alikuwa na cheti kizuri cha ualimu, lakini kila alipokwenda kwenye usaili mtu mmoja pale mezani alimuuliza kwa upole kama yeye ni mtoto wa yule Mbarouk. Sasa alikuwa anasomesha chekechea ya mtu binafsi. Riyama alitaka mumewe ashindwe na watu wake mwenyewe, mapema, kabla ya kampeni, ili mlango wake ufungwe na ubaki umefungwa.

Siku zile barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Wapo waliosema Jaku ni mtu wa shamba, nani wa mjini atampigia. Wapo waliosema mjini wenyewe siku hizi wako wapi, wapangaji wote ni watu wa shamba. Wengine walisema Jaku ana fedha na mwenye fedha hakosi wa kumlinda. Wengine wakasema mwenye fedha hana shida ya kuhama chama siku akichoka. Mbarouk alikaa pale pale katikati yao akinywa kahawa yake, na walipofika kwenye jina lake walishusha sauti na kuhamia kwenye mpira.

Salhiya ndiye aliyesema. Walikuwa wanakula chakula cha usiku.

"Baba, jitoe. Utoke kwa heshima."

Mbarouk hakukasirika. Alimweleza taratibu, kama alivyokuwa akimweleza hesabu alipokuwa mdogo. Katika siasa za nchi hii, alisema, mwenyekiti akijitoa, kesho yake watu husema kanunuliwa. Watautafuta ununuzi wake hata kwenye sukari anayotilia chai. Mwenyekiti akishindwa, husemwa kashindwa tu. "Kushindwa hakuna bei," alisema, akaomba apewe maji.

Kisha akamgeukia mkewe na kumuuliza yeye anaonaje, watashinda?

"Mungu ndiye ajuaye," alisema Riyama, asithubutu kumtazama.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa harusi wa kukodi. Usiku wa kabla yake palikuwa na arusi, na vitambaa vya dhahabu vilikuwa bado vimening'inia ukutani. Viti vilikuwa havitoshi, kwa hiyo wagombea wawili, Mbarouk na Jaku, waliwekwa jukwaani kwenye kochi la bibi na bwana harusi. Wajumbe walicheka kidogo, na Jaku mwenyewe akacheka. Alikuwa mtu wa adabu. Alimpisha mzee upande wenye mto. Mbarouk alikaa wima na mikono juu ya magoti.

Riyama alikuwa mjumbe kwa upande wa akina mama. Aliitwa, akapewa karatasi, akaenda nyuma ya pazia. Yalikuwepo majina mawili tu, moja chini ya jingine, na la mumewe lilikuwa limekosewa: wameandika Mbaruku. Alikuwa amekwisha amua. Tangu nyumbani alijua kwamba anakwenda kumpa Jaku, na alijiambia kwamba hilo si dhambi, ni dawa. Lakini mkono haukwenda. Aliliangalia lile jina lililoandikwa ovyo na watu waliomlia chakula chake miaka kumi na tano, akaona kwamba kuna mambo mtu anaweza kuyatamani bila ya kuweza kuyafanya. Akamwekea alama Mbarouk, akaikunja karatasi, akaitumbukiza kwenye ndoo.

Mahfoudh alisoma matokeo mwenyewe. Kura zilizoharibika, hakuna. Jaku, themanini na mbili. Mbarouk, moja.

Ukumbi ulinyamaza kwanza. Hata waliompinga hawakutarajia hivyo. Kila mjumbe alikuwa amedhani kwamba wapo wenzake watakaompa mzee kura za heshima, kwa hiyo yeye mwenyewe hana haja ya kumpa. Kisha vijana wa nyuma wakaanza kupiga makofi, na makofi yakaenea.

Riyama hakupiga. Alikuwa akizipanga kichwani: yake na ya mumewe. Haikuwezekana kuwa moja. Akasimama, mwanamke ambaye hajapata kusema neno katika mkutano wowote isipokuwa kuuliza watu wangapi wa kupikiwa.

"Katibu, naomba zihesabiwe tena."

Makofi yakafa. Mahfoudh akauliza, kwa upole, kuna tatizo gani.

"Ya mwenyekiti si moja."

"Umejuaje, Bi Riyama?"

"Nnajua kwa sababu mie nimempa. Na yeye hawezi kujinyima. Hizo ni mbili."

Vicheko vikaanza kwenye safu za mbele. Mahfoudh akaangalia jukwaani. Mbarouk alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kaa chini, mke wangu," alisema. Sauti yake haikufika hata katikati ya ukumbi, lakini yeye ilimfikia. Hakukaa. Kwa hiyo karatasi zilimwagwa tena juu ya meza, zikanyanyuliwa moja moja mbele ya macho ya wote, na kila iliponyanyuliwa ilikuwa ya Jaku, mpaka ikatoka ile moja, na baada ya hiyo zikawa tena za Jaku hadi mwisho.

Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa kelele, kwamba basi kati ya wawili hawa mmoja anasema uongo, na mwenyekiti hajasema kitu.

Ukumbi mzima ukacheka. Na Mbarouk, pale kwenye kochi la maarusi, hakusema kitu.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika ndani Riyama alivua buibui, akalitupa juu ya cherehani.

"Wamekuibia."

"Hawakuniibia."

"Nilikupa mie. Wallahi nilikupa."

"Najua," alisema Mbarouk. Alikuwa amekaa kitako kwenye mkeka na hajavua hata koti. "Ile moja ni yako. Mie nilimpa Jaku."

Riyama akadhani hakusikia vizuri. Akamwambia arudie, akarudia. Akasema viti vilipoondoka alielewa kila kitu, na kabla ya viti alikuwa anaelewa nusu. Angejitoa wangesema kauza. Hivyo alitaka ashindwe, na ashindwe vizuri, asiachwe na nusu ya chama nyuma yake ya kuleta mgawanyiko. Mara tatu aliwaona watu wakitoka kwenda kupiga kura alfajiri na kurudi na nyuso zile zile. Alitaka mara moja chama kishinde akiwa hai, hata kama si kwa jina lake.

"Hukuniambia," alisema Riyama.

"Wewe uliniambia nini walichokijia akina Mahfoudh?"

Hilo lilikuwa haki yake kulisema. Lakini jingine halikuwa haki, na lilimjia polepole, akiwa bado amesimama.

"Nilisimama mbele ya watu wote, Baba Salhiya. Nilisema nimekupa. Na wewe ulijua kwamba nasema kweli."

"Nilijua."

"Ukaniacha."

"Sikujua kama utasimama," alisema Mbarouk. "Na uliposimama, mie nikashindwa kusimama."

Kisha akamwomba jambo. Akasema likitoka kwamba mwenyekiti alimpigia mpinzani wake, watasema lile lile, kwamba Jaku alimnunua, na mgombea ataingia kwenye kampeni na doa. Akamwomba alistahamilie mpaka uchaguzi upite. Riyama hakusema ndiyo wala hapana. Alikwenda jikoni kuchagua mchele. Alikuwa amezoea kustahamili mpaka uchaguzi upite, na Mbarouk, ambaye naye alikuwa amezoea, akalichukua hilo kuwa jawabu.

Habari ilienea kama ilivyotakiwa kuenea. Mwenyekiti kaanguka, kapata kura yake mwenyewe tu. Hata mkewe kamkana, na baada ya kumkana kasimama kuapa uongo. Wakampa jina: Mama Mbili. Watoto wa mtaani hawakuijua maana yake lakini waliipenda sauti yake.

Kwenye khitma ya jirani aliyefariki wanawake walimpisha nafasi kubwa kuliko alivyohitaji, akala peke yake mwisho wa jamvi. Wateja wawili walipanda ngazi kuchukua vitambaa ambavyo hajavishona, wakasema watoto wamehamishwa skuli. Dada yake mkubwa, Mashavu, alimpigia simu kutoka Mkokotoni, akamuuliza kwa huzuni ya kweli ni kosa gani alilofanyiwa na mume yule hata akamlipa vile mbele ya watu. Riyama alisema mambo ya siasa yana mengi. Mashavu akasema siasa ni siasa, mume ni mume.

Haya yote aliyabeba. La Salhiya ndilo lililokuwa zito. Binti yake hakumgombeza. Alipunguza maneno tu, siku hadi siku, mpaka yakabaki ya maji na funguo. Asubuhi moja, wakinywa chai wote watatu, Riyama alimuuliza kama ana ugomvi naye.

"Mie nilimwambia Baba ajitoe," alisema Salhiya. "Lakini nilimwambia usoni."

Riyama akamwangalia mumewe. Mbarouk alikuwa na kikombe mdomoni. Alikunywa, akakiweka chini, akasema chai imepoa. Salhiya akachukua mkoba wake akaondoka kwenda kazini. Mbarouk alibaki pale na kikombe chake, na alijua, kama alivyojua pale kwenye kochi la maarusi, kwamba sasa ndiyo wakati wenyewe na umeshapita.

Wiki ya tatu Riyama alisema hawezi tena kwenda sokoni peke yake. Hakulalamika; alisema kama mtu anayesema goti linamuuma. Mbarouk akavaa kofia, akachukua kikapu.

Sokoni Darajani palikuwa na watu wengi, na mabango ya Jaku yalikuwa tayari yamebandikwa kwenye nguzo za upande wa kuuzia samaki. Watu walimwamkia Mbarouk kwa upole wa msibani. Riyama waliepuka kumwangalia. Kheir, ambaye aliwauzia samaki tangu Salhiya hajazaliwa, alikuwa na changu wazuri. Riyama akachagua wawili, akauliza bei. Kheir alikuwa na wasikilizaji pembeni yake, na mtu mwenye wasikilizaji huona vibaya kuwanyima.

"Hesabu mwenyewe, Bi Riyama," alisema. "Usije ukanirudia kesho ukataka wahesabiwe tena."

Watu wakacheka, wala si kwa ubaya mkubwa. Riyama akafungua kipochi chake. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta noti na haviioni, na Mbarouk aliviona vile vidole.

"Kheir," alisema, "ile kura niliyoipata ni ya mke wangu."

Kheir akatabasamu, akisubiri mzaha umalizike.

"Ni yake yeye. Alisema kweli mbele ya watu na hakuaminiwa. Mie sikujipigia. Mie nilimpa Jaku. Nilikuwepo, nikamwacha achekwe."

Mwuza ndimu wa jirani aliacha kuita wateja. Kheir aliwaangalia changu wake, kisha akasema, "Nisamehe, mama," akawafunga kwenye gazeti, akaongeza na mmoja mdogo. Riyama akamtoa yule mdogo akamrudishia. Akalipa.

Hawajafika mwisho wa safu walipoisikia sauti nyuma yao, ya mtu mzima, ikisema kama inayofumbua jambo: kumbe Jaku alikwisha mnunua mzee tangu zamani. Na nyingine ikamjibu kwamba ndiyo maana kura zilikwenda zote upande mmoja, haiwezekani bure. Mbarouk alisikia. Kikapu alikibeba yeye.

"Sasa wataniita nimenunuliwa," alisema walipovuka barabara.

"Wataita."

"Na Jaku watamharibia."

"Watamharibia."

Walikwenda hatua kadhaa.

"Ungesema mapema," alisema Riyama.

"Ningesema mapema," alisema Mbarouk.

Kabla ya adhuhuri simu zilikuwa zimekwisha anza. Mahfoudh alipiga, na kwa mara ya kwanza hakumwita Mbarouk mwenyekiti wala mzee. Alitaka kujua ni shetani gani aliyemtuma kusema yale sokoni, mwezi mmoja kabla ya kampeni; walio madarakani tayari wanasambaza kwamba mgombea alinunua jimbo zima. Alimtaka atoke leo leo akanushe, aseme alikuwa anamstahi mkewe tu. Mbarouk alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi, akaiweka simu kwenye dirisha la ukumbini ikiwa bado inazungumza.

Salhiya alirudi mchana amekwisha sikia. Chekechea ina wazazi na wazazi wana simu. Alisimama mlangoni akiwaangalia wote wawili. Baba yake akaanza kumweleza, akasema kwamba alipaswa kulisema siku ile ya chai. Salhiya akasema, ndiyo, alipaswa. Kisha akaenda kunawa mikono.

Wakakaa kwenye sinia, watatu, na wali na wale changu wawili. Kule ukumbini simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Hakuna aliyeinuka. Salhiya alikuwa akimchambua samaki kwa vidole, anatoa mwiba baada ya mwiba, na kila nyama iliyotoka safi aliisogeza mbele ya mama yake. Riyama hakumzuia. Mbarouk alikula wali mtupu wa upande wake, taratibu, macho chini, wala hakumgusa samaki.

Walikula hivyo kwa muda mrefu. Kisha Riyama alichukua kipande kimoja katika vile alivyochambuliwa, akakisukuma upande wa mumewe.